Kombe na Mkuki: Ishara na Ugomvi wa Uongozi katika Lord of the Flies

Riwaya ya William Golding iitwayo Lord of the Flies, yaani Bwana wa Nzi, ilitolewa mjini London na Faber and Faber mwezi Septemba 1954. Kisa chake ni chepesi kusimuliwa. Wakati wa vita, ndege iliyokuwa ikiwahamisha wavulana wa Kiingereza yaanguka katika kisiwa kisichokaliwa na watu. Hapana mtu mzima aliyesalimika. Watoto wachagua mkuu, wawasha moto ili meli ipitayo ipate kuuona moshi, wawinda nguruwe, wagombana, wafarakana, wauana. Na mwisho manowari yafika na kuwakuta waliobaki wakimsaka mwenzao kama windo. Walakini kisa hiki chepesi kimezaa maelezo mengi, na katika vyumba vya masomo maelezo hayo yameganda yakawa mfano wa jedwali la hesabu: kombe ni sheria, miwani ni elimu, moto ni tumaini, Ralph ni utawala wa haki, Jack ni udhalimu, Piggy ni akili, Simon ni utakatifu. Mwanafunzi akisha kulihifadhi jedwali hilo hudhani kwamba ameifahamu riwaya.

Jedwali hilo halina uongo mkubwa. Kasoro yake ni kwamba linavipa vitu vya riwaya maana iliyotulia, kana kwamba kombe lilizaliwa sheria na mkuki ulizaliwa dhuluma, hali riwaya yenyewe yaonyesha vitu vile vile vikihama kutoka mkono hata mkono, na maana zikihama pamoja navyo. Makala haya yakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza, ishara katika riwaya hii hupata nguvu kwa makubaliano ya wale wanaozitazama. Makubaliano yakivunjika, kinachobaki ni gamba, kioo na kuni. La pili, ugomvi wa Ralph na Jack ni ugomvi juu ya hofu: ni nani awezaye kuishika hofu ya wenzake, na aishike kwa njia gani. Mambo haya mawili yamefungamana, maana kiongozi huishika hofu ya watu kwa ishara, na ishara isiyoweza kujibu hofu yao haidumu.

Yafaa kwanza kumjua mwandishi na kitabu alichokuwa akijibizana nacho. Golding alizaliwa Cornwall mwaka 1911. Alikuwa mwalimu wa shule ya wavulana mjini Salisbury. Mwaka 1940 akajiunga na jeshi la majini la Uingereza, na mwaka 1944 alikuwamo katika mashambulio ya Normandy. Baada ya vita alirudi darasani. Basi aliyeandika habari za wavulana hawa ni mtu aliyewaona watu wazima wakiua, kisha akakaa tena mbele ya watoto na kuwatazama wakicheza. Kitabu alichojibizana nacho ni The Coral Island cha R. M. Ballantyne, kilichotolewa mwaka 1857, ambamo vijana watatu, Ralph, Jack na Peterkin, wanaishi kisiwani kwa udugu na furaha. Katika kitabu hicho uovu huja kutoka nje, kwa maharamia na kwa watu wa visiwa waliochorwa kama wala watu. Golding alichukua majina ya Ralph na Jack, akachukua na kisiwa, kisha akaondoa maharamia na wenyeji wote. Palipokuwa hapana adui wa nje, ilibidi adui atafutwe kwingine. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na methali hiyo yaweza kuwekwa mlangoni mwa riwaya yote.

Kombe, yaani lile gamba kubwa la baharini lipulizwalo kama baragumu, ndilo ishara ya kwanza kutokea. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba anayelijua ni Piggy. Ralph analiona chini ya maji na kulipenda kwa uzuri wake. Piggy ndiye anayeeleza thamani yake na namna ya kulipuliza. Lakini Piggy ana ugonjwa wa pumu na hapulizi. Ralph analipuliza, watoto wanatoka vichakani kuifuata sauti, na kwa kuwa sauti ilitoka kwake, yeye anaonekana kuwa ndiye mwenye wito. Ikafika saa ya kuchagua mkuu. Jack alitaka cheo kwa hoja kwamba ndiye kiongozi wa kwaya na kwamba aweza kuimba sauti ya juu. Wanakwaya walimpa kura zao kwa utii usio na furaha. Waliosalia walimpa Ralph. Golding hafichi sababu: akili ilikuwa kwa Piggy, na uzoefu wa kuamrisha ulikuwa kwa Jack, lakini Ralph alikuwa na umbo la kupendeza, alikuwa na utulivu, na juu ya yote alikuwa amelishika lile kombe. Kwa hiyo uongozi wake ulikuwa wa kuazima tangu siku ya kwanza. Uliazimwa kwa kitu, na maarifa ya kitu hicho yaliazimwa kwa mtu mwingine.

Msomaji wa pwani akifika hapa huenda akaikumbuka siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu. Hizo nazo zilikuwa baragumu, na sauti yake ilikuwa sauti ya enzi. Lakini nyuma ya siwa palikuwa na mji: palikuwa na nasaba, na sherehe zake zilizojulikana, na wazee waliojua ni nani apigiwe na ni nani asipigiwe. Aliyeidharau siwa aliwadharau watu wengi, walio hai na waliokufa. Kombe la Ralph lina umri wa asubuhi moja. Halina mji nyuma yake ila kumbukumbu ya shule na ya wazazi walio mbali, na kumbukumbu hiyo inafifia kila siku. Golding ameuonyesha ufifiaji huo kwa jambo dogo sana: kombe, lililokuwa na rangi ya maziwa na waridi lilipotolewa majini, laendelea kupauka kwa jua hata likakaribia kuwa jeupe. Mtoto mmoja mdogo, Percival, aliyefundishwa kutaja jina lake na anwani ya kwao kama dua, mwisho wa kisa hawezi kukumbuka hata jina.

Tena utawala wa Ralph una doa kabla haujaanza. Yule mvulana mnene alimwambia siri, kwamba shuleni walimwita kwa jina linalofanana na nguruwe, na akaomba jina hilo lisitajwe. Mbele ya kundi, Ralph alilitaja, na watoto wote wakacheka pamoja. Jina la haki la mvulana yule msomaji halipati kulijua hata mwisho. Kicheko kile kiliwaunganisha watoto kuliko kombe lilivyowaunganisha, na kiliwaunganisha kwa kumweka mmoja nje. Riwaya inayokwisha kwa watoto kumsaka mwenzao ilianza kwa watoto kumcheka mwenzao, na aliyeufungua mlango huo ni Ralph. Asemaye kwamba Ralph ni haki tupu amesoma kwa haraka.

Baada ya uchaguzi Ralph alifanya tendo ambalo kwa sura ni hekima. Ili kumtuliza Jack aliyeona haya kwa kushindwa, alimwachia kwaya iwe chini yake, naye Jack akasema watakuwa wawindaji. Kwa tendo hilo kisiwa kilipata serikali mbili: moja yenye kombe, na moja yenye silaha. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na hapa hata kazi zenyewe zilivuta pande mbili. Kazi za Ralph, yaani moto wa kuitia meli na vibanda vya kulala, zilikuwa kazi za kesho, zisizo na ngoma wala shangwe. Kibanda cha kwanza kilijengwa na wote, cha pili na wachache, na cha tatu na Ralph na Simon peke yao. Kazi ya Jack ilikuwa na jasho, hatari, damu, wimbo, na mwisho wake nyama ya kuliwa jioni ile ile.

Mabadiliko ya maana za ishara yanaonekana wazi zaidi katika moto. Husemwa kwamba moto ni tumaini la kuokolewa. Lakini moto wa kwanza haukuwashwa kwa amri ya baraza. Ralph alipotaja neno moto, kundi zima lilinyanyuka na kumkimbilia Jack kupanda mlimani, na Piggy akaachwa na kombe mkononi akiwa hana wa kumwambia. Moto ule uliruka ukashika msitu, na mtoto mdogo mwenye alama usoni hakuonekana tena. Hapana aliyekuwa ameandika majina, kwa hiyo hapana aliyeweza kusema ni wangapi waliopotea. Kifo cha kwanza cha kisiwa basi kilitokea chini ya utawala wa Ralph, kwa kazi aliyoitaka Ralph, na baraza halikupata kukizungumza sawasawa. Moto wa pili ndio uliozimika meli ikipita, kwa kuwa waliopewa zamu walichukuliwa kwenda kuwinda. Moto mwingine ulikuwa wa Jack, moto wa kuchomea nyama. Na wa mwisho uliwashwa ili kumfukuza Ralph mafichoni auawe, nao, kwa moshi wake mkubwa, ndio ulioonwa na manowari. Moto uliokusudiwa kuokoa uliua, na moto uliokusudiwa kuua ukaokoa. Maana ya moto katika riwaya hii ni swali ambalo lazima liulizwe upya kila unapowashwa.

Miwani nayo ni hivyo hivyo. Wajuzi wa macho wamekwisha kueleza kwamba Golding alikosea: Piggy haoni mbali, na vioo vya mtu asiyeona mbali hutawanya mwanga, haviwezi kuukusanya hata uwashe kuni. Kosa hilo ni la kweli. Juu ya hayo, latoa nafasi ya kutazama jinsi miwani inavyotumika. Kwa Piggy miwani ni macho. Kwa wengine wote ni kiberiti. Tangu siku ya kwanza ilinyakuliwa usoni pake bila ruhusa, na walioinyakua ni watu wa baraza, hawajawa bado kabila la Jack. Baadaye Jack alimpiga, kioo kimoja kikavunjika. Na mwisho watu wake wakaja usiku wakaiba kilichobaki. Wizi ule wa usiku ulikuwa ukamilifu wa desturi iliyokuwapo tangu mwanzo, ya kuitumia elimu ya mtu huku mwenyewe akidharauliwa. Piggy aliposikia wezi katika kibanda alidhani wamekuja kulichukua kombe. Hawakuligusa. Kwao lilikuwa limekwisha kuwa gamba.

Sasa yafaa kuitazama hofu, maana ndiyo moyo wa ugomvi. Watoto wadogo waliota ndoto za kutisha na kusema kisiwani mna mnyama. Dawa ya Ralph ilikuwa baraza: hofu izungumzwe, ijadiliwe, ionekane kuwa haina msingi, kisha iamuliwe kwamba imekwisha. Katika baraza moja lililochelewa hata giza likaingia, aliwataka watoto wapige kura kama mizimu ipo au haipo, na mikono mingi iliyonyanyuka gizani ilisema ipo. Hapo ndipo ulipoonekana mpaka wa kombe. Kombe laweza kumpa mtu zamu ya kusema. Haliwezi kumpa usingizi. Piggy naye alisema kwa kanuni za elimu kwamba vitu vya namna hiyo haviwezi kuwapo, na maneno yake yalikuwa kweli, na hayakumtuliza hata mtoto mmoja. Simon alikuwa karibu zaidi na ukweli, aliposema kwamba pengine mnyama huyo ni wao wenyewe. Akachekwa hata akaketi.

Jack hakuwa na fikira moja juu ya mnyama. Kwanza alisema hayupo, maana yeye amezunguka kisiwa kizima katika kuwinda. Kisha, kama yupo, watamwinda. Kisha, alipokwisha kuonekana mlimani, Jack alisema aachiwe sehemu ya windo, na kichwa cha nguruwe jike kikachomekwa juu ya mti na kuachwa kama sadaka, hata nzi wakakijaa. Hicho ndicho Bwana wa Nzi, na jina hilo ni maana ya jina la kale la Baal-zebubu, mungu wa Ekroni atajwaye katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Mtu wa mantiki atamwona Jack kuwa anajipinga mwenyewe. Lakini kila jibu lake, ijapokuwa halipatani na jingine, lilikuwa na tendo ndani yake: winda, ua, toa, cheza. Ralph aliwaambia watu wenye hofu kwamba hawana sababu ya kuogopa. Jack aliwapa cha kufanya wakiwa wanaogopa. Tofauti hiyo yaeleza kuanguka kwa Ralph zaidi kuliko wema wa mmoja na ubaya wa mwingine.

Yule aliyeonekana mlimani alikuwa mtu. Ralph na wenzake walikuwa wametamani ishara kutoka kwa watu wazima, na usiku ule ule vita vya angani vikawaletea maiti ya askari wa ndege akining'inia katika kamba za mwavuli wake, akiinuka na kuinama kwa upepo. Hapa Golding amechora kwa wino mzito, pengine mzito kupita kiasi. Majibu ya ombi yamekuja upesi mno, na msomaji auona mkono wa mwandishi. Hata hivyo fikira yake haikosi nguvu. Ishara iliyoombwa imekuja kweli, na haikusomwa. Mapacha Sam na Eric waliiona kwa hofu wakaona makucha na mabawa. Ralph na Jack waliiendea gizani, kila mmoja akisukumwa na haya ya kuonekana mwoga mbele ya mwenzake, wakakimbia kabla ya kuitambua. Simon peke yake alipanda mchana, akaona ni nini, akazifungua kamba, na akashuka kuwaambia wenzake habari ambayo ingaliweza kumaliza utawala wa hofu.

Kabla ya hapo kulitokea baraza ambalo wafafanuzi wengi hulipita haraka. Jack mwenyewe alilipuliza kombe na kutaka Ralph aondolewe kwa kura. Aliuliza mara ya kwanza, akauliza tena. Hapana mkono ulionyanyuka. Akaondoka akilia kwa aibu. Kwa hesabu za kombe Ralph alikuwa ameshinda. Lakini kabla ya jioni wavulana wakubwa walianza kutoweka mmoja mmoja, wakamfuata yule yule waliyemnyima mikono yao. Jambo hili lina mafunzo kwa kila asomaye habari za utawala. Kura ilieleza watu walivyoona haya kufanya mbele ya macho ya wenzao. Miguu yao ikaeleza walivyotaka. Kiongozi akihesabu mikono asiitazame miguu, atajiona ana watu hali amebaki na kombe.

Katika karamu ya Jack mambo yote haya yalikutana. Ralph na Piggy walikwenda, nao wakala nyama. Mawingu yakatanda, radi ikaanza, watoto wakaingiwa na woga. Ralph akauliza, kwa kejeli, vibanda vya Jack viko wapi. Swali lilikuwa la haki: mvua yaja, na aliyejenga ni Ralph. Jack hakulijibu. Aliamrisha ngoma. Ralph na Piggy, kwa hofu ya mbingu iliyokuwa juu yao, walifurahi kupata nafasi pembeni mwa duara. Simon alipotoka msituni akitambaa na habari yake, duara lilimfunika, na akafa kwa mikono na meno ya wote. Asubuhi Ralph alilitaja tendo lile kwa jina lake, kwamba ni uuaji. Piggy, mwenye kuitwa akili, alisema ilikuwa ajali, tena ni giza, tena Simon mwenyewe alikosea kutambaa vile. Mapacha walisema waliondoka mapema. Hapo jedwali la vyumba vya masomo linavunjika kabisa: haki ilikuwapo katika duara, na akili ndiyo iliyotoa udhuru. Kinachomtofautisha Ralph na wengine tangu hapo ni kwamba hakukubali kusema hakuwapo.

Upande wa pili, Jack aliwaambia watu wake kwamba aliyekuja alikuwa mnyama katika sura ya kujigeuza, wala hakufa, na aweza kurudi. Ilimlazimu kusema hivyo. Mnyama akifa, mkuu wa wawindaji hana kazi. Tangu kabila lilipohamia katika jabali walilolifanya ngome, masimulizi yenyewe yaanza kumwita Mkuu, na jina la Jack lajificha nyuma ya cheo kama uso ulivyojificha nyuma ya rangi. Mvulana mmoja, Wilfred, alifungwa ili apigwe, na waliosimama zamu hawakujua kosa lake, Mkuu hakusema. Roger, ambaye zamani alikuwa akimtupia mtoto mawe na kuyakosesha kwa makusudi, kwa kuwa mkono wake ulikuwa bado wakumbuka walimu na askari polisi, sasa aliusukuma mwamba bila kukosesha. Piggy aliuawa akiwa amelishika kombe, nalo likavunjika vipande visivyohesabika. Ni sahihi kwamba kombe na mwenyewe vilikufa pamoja, maana yeye alikuwa mtu wa mwisho aliyeliamini. Jack hakulivunja kombe. Lilivunjika juu ya mtu mmoja baada ya kuachwa na wote.

Liko neno moja katika riwaya hii linalomtaka msomaji wa Kiswahili awe mwangalifu. Mwishoni wavulana waliojipaka rangi huitwa kwa neno ambalo mfasiri angeliandika kuwa washenzi. Katika Kiswahili neno hilo lina historia yake: watu wa miji ya pwani walilitumia kumtaja mtu wa bara asiye wa dini yao wala wa desturi zao. Kwa hiyo mwenye kulisoma katika lugha hii anajua kwa ndani kwamba ni neno la mwenye mji, la kumpimia asiye wa mji. Golding kwa sehemu analijua hilo. Asemaye mapema kwamba wao si washenzi, wao ni Waingereza, na lazima wawe na sheria, ni Jack mwenyewe. Na kwaya yake ilifika mara ya kwanza ikiwa imevaa majoho meusi, ikitembea kwa safu katika jua kali hata Simon akazimia. Ukatili ulikuja na sare kabla haujaja na rangi. Lakini kwa sehemu nyingine mwandishi ameikopa lugha ile ile aliyoipinga kwa Ballantyne. Rangi ya uso, ngoma na mkuki, ambavyo kwa mataifa mengi ni vitu vya adabu na ibada, kwake vimekuwa alama za kuanguka. Msomaji ana haki ya kuidai kasoro hiyo, na riwaya yaweza kuhimili madai hayo, kwa sababu afisa wa manowari anayestaajabu kuona watoto wa Kiingereza wamefikia hali ile amekuja akiwa na bastola kiunoni na vita nyuma yake.

Kumekuwa na wanaosema kwamba riwaya imekanushwa na tukio la kweli. Mwaka 1965 wavulana 6 wa Tonga walichukua mashua bila ruhusa, tufani ikawatupa katika kisiwa cha 'Ata, na huko wakakaa yapata miezi 15, hata nahodha wa Australia, Peter Warner, akawaokoa mwaka 1966. Waligawana zamu za kazi, waliutunza moto wao, na mmoja alipovunjika mguu wenzake walimtibu. Tukio hilo ni la kutia moyo, na linamzuia mtu asiseme kwamba Golding amethibitisha kanuni ya wanadamu wote. Lakini halimalizi riwaya, laifafanua. Wavulana wa Tonga walikuwa wachache, walijuana, walisoma shule moja, na walipelekana kisiwani wenyewe. Watoto wa Golding walikuwa wengi wasiohesabiwa, walikutanishwa na vita, na walikuja na ngazi za vyeo walizofundishwa: mwenye joho juu, mnene mwenye pumu chini. Swali la riwaya ni hili: jamii yenye kudharauliana tangu siku ya kwanza itatumia ishara gani kujishika pamoja, hofu itakapoingia?

Mwisho wa kisa wajibu kwa namna ya kusikitisha. Afisa anauliza ni nani mkuu. Ralph asema ni yeye. Kijana mwenye nywele nyekundu na mabaki ya kofia nyeusi anasogea hatua moja, kisha asimama. Ugomvi uliokula roho za watu wakatika kwa swali moja la mtu mwenye sare, kwa sababu ishara kubwa zaidi imefika pwani. Ralph alia kwa ajili ya yaliyopotea na kwa ajili ya rafiki aliyekuwa na akili. Na afisa, kwa kuona haya, ageuza macho akaitazama manowari yake. Kazi ya manowari ile ni kuwinda watu, na hapana ajuaye ni meli gani kubwa zaidi itakayokuja kuwauliza mabaharia wake ni nani mkuu wao.

Kwa hiyo mwanafunzi wa riwaya hii na aliweke jedwali kando. Kila kombe linapoinuliwa, na aulize ni nani aliyelinyamazia. Kila moto unapowashwa, ni nani aliyeachwa nyuma. Kila miwani inapotumika, kama mwenyewe aliombwa. Na kila kiongozi anapozungumza juu ya mnyama, na atazame kama anataka mnyama huyo afe au aendelee kuishi. Mambo hayo hayamo katika vitu. Yamo kwa watu waliovishika, na Golding ameyaandika wazi kwa kila atakayesoma pole pole.